Meli Aliyoiunga Mwanangu

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, simu wekeni chini kwanza. Najua kila siku mwasikia kwenye taarifa ya habari maneno haya: usalama wa taifa, ulinzi wa bahari, viwanda vya kuunda zana zetu wenyewe. Mwayasikia huku mwatafuna, kisha mwageuza mwende kwenye mpira. Siwalaumu. Mimi pia nilikuwa hivyo. Chuo cha Kurani nilisoma nikahitimu msahafu, na skuli nilikwenda miaka michache kisha nikatolewa nikawekwa ndani, kama walivyowekwa wasichana wa rika langu. Mambo ya majeshi na meli zao niliyaona ni ya wanaume wenye viatu vizito. Yalianza kunihusu mwanangu alipokuwa fundi wa kuziunda meli hizo, tena akiziundia nchi ya watu.

Siandiki ili mnionee huruma. Naandika kwa sababu mmoja wenu pengine kesho ataitwa na kazi ya mbali, na mwengine ataachwa nyumbani angoje. Wote wawili nataka mjue.

Nyumba yetu iko ndani ya Mji wa Kale, kwenye uchochoro ambao hata mkokoteni hupita kwa kuomba radhi. Tukiwa wenyewe kwa wenyewe hula sinia moja: mimi, mkaza mwana wangu, na wajukuu. Na kwetu kuna sharti ambalo nililikuta kwa mama yangu. Mtu akiwa hayupo, waliopo husogea. Mama akisema pengo kwenye sinia ni kama pengo kwenye safu ya sala, lazima lizibwe, kwani asiyetakiwa ndipo anapopenyea. Mume wangu alipofariki, nilipomaliza eda nikatoka kuja kula na wenzangu, nilikuta watoto wamemwachia baba yao mahali pake. Walikuwa wakikaa vile tangu mazishi. Nikawambia sogeeni. Mmoja alilia. Hakuacha kusogea.

Huyo aliyelia ndiye huyu fundi.

Kazi aliipata Liwatoni, kwenye karakana ndogo ya kutengeneza vyombo vya wavuvi. Alianza kwa kukwangua kutu na kubeba mitungi ya gesi, mwisho akapewa moto akashika. Mkono wake ulikuwa mtulivu toka utotoni, hata kanzu akiivaa Idi nzima hairudi na doa. Akichomelea bati la tumbo la meli, fundi wake humpitisha mtu kidole pale juu akamwambia, tafuta lilipoungwa. Basi alioa, akazaa binti, na mimi nikaona maisha yamekaa mahali pake.

Kisha kazi ikapungua. Meli kubwa zikawa zanunuliwa nje zikiwa zimekwisha kuundwa, huku kukabaki kutia viraka. Wakaja watu kutoka Arabuni kutafuta mikono ya kwenda kwenye karakana yao ya kuunda meli za doria, zile za kulinda bahari zenye mzinga mbele. Mwanangu akachaguliwa.

"Mama, ni muda mchache tu," aliniambia.

Hakuna msafiri aliyewahi kumwambia mamake kitu chengine. Nilisimama mlangoni nikauinua msahafu akapita chini yake, nikamfukiza udi, na siku ile hakuna aliyegusa ufagio mpaka tulipopata habari kwamba amefika. Mchana tulipokaa kula nikasema sogeeni. Mkaza mwana wangu alinikata jicho! Lakini alisogea, akamvuta na binti yake, ambaye wakati ule alikuwa hana meno ya mbele.

Binti yule sasa ni mwanamke mzima. Amesoma mpaka kule juu kabisa, na yuafanya kazi Nairobi, kwenye afisi ambayo kazi yake ni kukadiria usalama wa nchi. Nani ana silaha gani, nani anaunda, nani ananunua, na mbele kwaelekea wapi. Watu huniuliza msichana wa Kiswahili ameyatoa wapi mambo hayo. Ameyatoa kwenye swali alilonisumbua nalo utoto wote: "Nyanya, kwa nini hizo meli hawaziundi hapa, baba akalala nyumbani?" Jibu akaenda kulitafuta mwenyewe.

Sasa siku moja mwanangu akapiga simu na sauti yake imechangamka kama ya mtu aliyeposa akakubaliwa.

"Mama, kuna meli yaja huko. Ya kulinda bahari yetu. Imenunuliwa huku, na mimi nimo kwenye kuiunga."

"Umeiunga wapi?"

"Ubavu wa kulia, mbele, chini ya tundu la nanga. Mshono wote ule ni mkono wangu. Nenda kaitazame, mama. Nitazamie."

Hilo neno lake la mwisho nilikwenda nalo jikoni, nikaja nalo chumbani.

Asubuhi ya kuja meli tulikwenda pale penye mnara wa taa, mimi na mkaza mwana wangu, mahali ambapo jioni watu hukaa wakala mihogo ya kukaanga na pilipili. Nilibeba chetezo, na makaa ndani ya mkebe. Kwetu mtu akitoka safari hupokewa na udi, na mimi sikuona sababu ya kuvunja ada kwa kuwa kilichokuja ni chuma. Nikaweka chetezo juu ya ukuta, nikatia udi, nikapepea.

Askari akaja, kijana wa bara, mrefu kama mlingoti.

"Shosho, zima hiyo moto."

"Mimi si shosho wako, sina mjukuu wa bara. Na huu si moto, ni udi."

"Udi ya nini sasa?"

"Wa meli."

Akamgeukia mkaza mwana wangu, kwa uso wa kumwambia mchukue mgonjwa wako.

"Mume wangu ndiye aliyeichomelea," mkaza mwana akasema.

"Oh. Ako ndani?"

"Hayumo."

"Sasa mnapokea nani?"

Swali lilikuwa la haki, na yeye mwenyewe nadhani aliliona limekwenda kutugusa wapi, kwa kuwa alikohoa akatazama upande wa bahari.

"Haya, choma mbio mbio," akasema. "Lakini usipige picha. Hii ni mambo ya usalama."

"Mwanangu, nipige picha kwa nini? Kwa chetezo?"

Akacheka mpaka kofia ikamwenda upande.

Meli ikapita. Ilikuwa karibu, na ubavu wa kulia ndio uliotuelekea. Niliona tundu la nanga waziwazi. Chini yake sikuona kitu. Rangi ya kijivu ilikuwa imefunika kila mahali, pamenyooka kama ukuta uliopakwa chokaa jana. Nilikodoa macho nikitafuta hata uvimbe mdogo, hata alama ya mahali ambapo mwanangu aliinama siku nzima na miwani yake nyeusi usoni. Upepo ukauchukua moshi wa udi ukautupa nyuma yetu, kwenye miti. Meli ikaingia Kilindini, ikashika upande wa ng'ambo ya Mtongwe, ikapotea nyuma ya feri.

Alipopiga simu akaniuliza, "Uliuona mshono wangu, mama?"

"Sikuuona."

Akafurahi! "Alhamdulillahi. Ukionekana si mshono."

Mkaza mwana wangu alikuwa akisikiliza. Akasema kwa sauti ya chini, lakini nikamsikia, "Tangu lini mtu akasifiwa kwa kutoonekana?"

Haukupita muda mrefu ikaja habari nyengine. Wakubwa walitangaza kwamba meli zinazofuata zitaundwa hapa nyumbani, na ile karakana ndogo ya Liwatoni itakuzwa iwe ya kuunda. Mwanangu akapigiwa simu. Aje awe msimamizi wa vijana, awafunze mshono wa meli kubwa. Na huko aliko, mkataba wake ulikuwa wamalizika, na wao pia walitaka atie saini upya, miaka myengine.

"Mama," akaniambia, "mimi hapa nimesimama katikati. Ukiniambia nije, naja. Ukiniambia nibaki, nabaki. Nipe jibu Ijumaa."

Kwa nini aniulize mimi na asimuulize mkewe? Alimuuliza. Mkewe alimjibu njoo kabla hajamaliza kuuliza. Akarudi kwangu kwa sababu ajua mimi sisemi neno kwa kuwa ni tamu.

Wiki hiyo binti yake alikuwa nyumbani kwa likizo, na likizo yenyewe aliifanyia kazi. Alikuwa akiandika tathmini ya hayo hayo, usalama wa nchi na mustakabali wa viwanda vyake vya ulinzi. Alikaa jikoni, kompyuta juu ya kinu kilichofunikwa sinia. Mimi nilikuwa nachagua mchele. Mamake alikuwa aparuza samaki.

"Soma," nikamwambia. "Lakini kwa lugha ya watu."

"Nimeandika hivi, nyanya. Bahari yetu ni pana na vyombo vya kuilinda havitoshi. Wezi wa samaki, wenye kupitisha unga wa kulevya, maharamia, wote njia yao ni hii. Sasa ukinunua meli kwa mtu, ikaharibika, na fundi na kipuri viko kwake, ulinzi wako umo mikononi mwake. Siku akikukasirikia, meli yalala."

"Kweli hiyo. Endelea."

"Kuunda hapa kwawezekana. Mahali papo, na mafundi wapo, wengine wako nje wakiitwa watakuja." Hapo sauti yake ilipungua kidogo. "Lakini chuma cha kuundia meli hatukifui sisi. Injini hatuziundi. Na karakana haiwezi kuishi kwa oda moja. Yataka oda zifuatane, hii ikitoka nyengine yaingia. Zikikatika, mafundi watawanyika tena."

"Kwa hivyo?"

"Kwa hivyo matarajio ni mazuri, lakini ni ya mbali."

Mamake akatupa kisu ndani ya beseni. "Ya mbali? Hebu futa hapo! Andika ya karibu."

"Siwezi, mama."

"Huwezi nini? Kwani ni msahafu huo? Ni babako huyu twamzungumza!"

"Ndiyo maana siwezi. Nikiandika ya karibu, kuna mtu ataamini aache kazi yake aje. Na mtu huyo ni baba."

Mamake aliokota kisu, akarudi kwa samaki wake. Aliyaparuza magamba mpaka yakafika dirishani. Mimi nikaendelea kuchagua mchele. Lakini asubuhi yake nilivaa buibui nikamwambia mjukuu twende Liwatoni. Si kwamba sikumwamini. Nilitaka awe amekosea.

Tulichukua tuktuk Makadara. Sikuwa nimefika Liwatoni tangu mwanangu alipoondoka, na nilipoona lango nilidhani tumekosea mahali. Ua mpya, bango jipya lenye picha ya meli ikikata mawimbi, paa la bati linang'aa ukitazama waumia macho. Nafsi yangu ikaruka. Nikajiona nampikia chakula cha mchana kwenye mkebe wake wa tabaka, nampelekea mwenyewe.

Ndani kulikuwa na vijana wamekaa kivulini, kila mmoja na kofia ngumu kichwani. Nikazitazama zile kofia. Hazikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Mahali pa kuundia meli, pale chuma kinapolazwa mpaka chombo kisimame, palikuwa pamefagiwa safi, na kati ya reli mbili yameota majani, na mbuzi yuala.

Fundi mzee aliyemfunza mwanangu bado yupo. Aliniona akaja na mikono mbele.

"Mama wa fundi! Mtoro wetu yuaja lini?"

"Hilo ndilo lililonileta. Nani amemwita?"

"Nimemtaja mimi. Wakubwa waliniuliza nani aweza kuwasimamia vijana hawa. Nikasema kuna mmoja tu."

"Na kazi iko?"

Akakuna kidevu. "Imeahidiwa, mama."

"Sikuuliza imeahidiwa. Nauliza iko?"

"Chuma hakijaja. Wasema kiko njiani."

"Njia ya wapi?"

Akatazama chini. Mjukuu wangu alikuwa amesimama nyuma yangu, na nilipomgeukia nikaona kwamba yeye pia alikuwa amekuja akitaka awe amekosea.

"Lau angekuja kesho," nikamuuliza fundi mzee, "angefanya nini?"

"Angekunywa chai na mimi." Kisha akasema, na sauti yake haikuwa tena ya mzaha, "Nilimtaja kwa kuwa namtaka, mama. Kuna vitu mikono hii yajua, na hakuna aliyevipokea kama yeye. Nimezeeka. Nilifikiri akija yeye kwanza, chuma kitamfuata."

Sikumlaumu. Mimi mwenyewe nimefikiri vivyo hivyo miaka yote hii, kwamba nikikipaka chokaa chumba chake kila karibu na Ramadhani, mwenyewe atafuata.

Tulipokuwa twarudi nilimsimamisha dereva Makadara nikanunua mkate wa mofa. Mjukuu akaniangalia na ule mkate mapajani. Nyumba yetu nzima hakuna aulaye mofa ila babake. Mkate tulimpa jirani.

Nawambia hivi, vijana, kwa sababu mwapenda kusema nchi haiwapendi watu wake. Mimi sikuona chuki pale. Niliona ua, bango, paa, vijana wazima walio tayari, na mzee mwenye elimu mikononi inayotafuta pa kwenda. Nchi yenye bahari kama hii yawahitaji hawa kama mlango unavyohitaji komeo. Wataka kushikamanishwa tu, na wa kuwashikamanisha yuko mbali, anaunga vya wengine. Na nikimwita kabla ya chuma, atakaa kivulini na kofia isiyo mkwaruzo mpaka avunjike moyo, kisha atafunga begi tena. Nimeona watu wa mtaa huu waliorudi hivyo. Safari ya pili huwa hawaagi vizuri.

Ijumaa, baada ya sala, simu ikalia. Mkaza mwana wangu akaiweka sauti wazi, tukakaa ukumbini sote. Mkono wake ulikuwa juu ya goti la binti yake.

"Haya mama, nipe hukumu," mwanangu akasema, akijitia kucheka.

"Usije."

"Mama?"

"Umenisikia. Usije sasa. Chuma hakijafika. Nimekwenda Liwatoni nimeona kwa macho yangu. Kuna mbuzi pale pa kuundia meli."

Kule kwake nilisikia nyundo zikigonga, karakana yenye kazi.

"Mama, hunitaki nyumbani?"

Mkaza mwana aliinuka akasimama dirishani, mgongo ametupa sisi.

"Nakutaka uje ukae," nikamwambia. "Sikutaki uje urudi. Nimekuinulia msahafu mara moja. Mara ya pili hii mikono haitainuka."

Akavuta pumzi. "Basi nitie saini?"

"Tia. Na nisikilize. Mtoto wako ndiye ayajuaye mambo haya, na yeye haandiki uongo, hata kwa ajili yako. Siku atakapoandika kwamba ni karibu, usinipigie simu kuniuliza. Panda ndege uje."

"Nyanya amesema, baba," mjukuu akaingilia, akaishia hapo.

Mwanangu alicheka kile kicheko cha babake, kifupi, cha puani. Akaniombea umri, nikamwombea kheri, akarudi kwenye moto wake.

Mkaza mwana alikwenda jikoni bila kunitazama. Nilimsikia akipakua, mwiko ukigonga sufuria kuliko inavyohitajika. Akaja na sinia la wali na samaki wa kupaka, akaliweka chini katikati ya mkeka. Bado hakunitazama, na haki yake. Nikanawa, nikakaa. Binti akakaa, mamake akakaa, na wale wadogo, watoto wa nduguze fundi, wakaja mbio. Kisha kila mmoja akasogea, kama nilivyowazoeza, magoti yakagusana, duara likafunga. Wadogo hawajui hata walisogea kuziba nini, wao walimkuta hayupo.

Nilitia mkono kwenye wali nikautoa.

"Rudini nyuma," nikawambia. "Hapo kati yangu na mkewe msipakalie, leo wala kesho. Na mtu yeyote akizungumza naye kwenye simu, asimwambie."